Asekon Hanunui cha Kesho

Wauza maharagwe wa soko la Lodwar wana mguno mmoja ambao wamemwekea mtu mmoja tu. Mtu huyo ni Asekon. Si mgomvi, si mwizi, wala hana sauti kubwa. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, anayefua mashuka katika nyumba ya wageni, na mikono yake hunukia sabuni hata Jumapili. Shida yake ni jino. Akifika penye gunia huokota punje moja ya maharagwe, huiweka chini ya gego na kuiuma polepole, huku ametazama pembeni kama mtu anayesikiliza habari ya mbali. Punje ikibonyea, hufungua kifundo cha leso na kutoa pesa. Ikimkatalia kama kokoto, huitema.

"Hii ilizaliwa mwaka gani?" huuliza.

"Mama Abigael, utamaliza gunia langu kwa kuonja!"

"Sionji. Naiuliza umri."

Ana sababu yake. Maharagwe makuukuu huuzwa bei ya kutupa, lakini hukaa jikoni mchana kutwa yakila makaa, na jioni bado yanagonga sahani. Asekon alijua zamani kwamba bei haiishii mkononi mwa muuzaji. Humfuata mtu mpaka mekoni, na wakati mwingine mpaka kitandani akiwa ameshika tumbo. Kwa hiyo hunusa unga kabla ya kuuliza bei. Samaki mkavu humfunua tumbo, kwa maana wadudu huanzia hapo. Nyanya huzigeuza moja moja, na zile zilizopasuka juu tu huzinunua kwa nusu bei, kwani za mchuzi hazihitaji sura nzuri. Walimu wawili wa jirani humpa pesa zao za sokoni awanunulie, ingawa wao wana mishahara na yeye ana ujira.

Wako watu wanaodhani kwamba maskini hula chochote, kwamba tumbo tupu halina ulimi. Watu hao hawajawahi kumwona Asekon akimrudishia mwenye duka unga uliochacha, taratibu, bila tusi, huku akimtazama machoni mpaka yule mtu anajionea haya. Mwenye pesa nyingi akikosea sokoni hutupa, akanunua tena. Asekon akikosea, kosa hilo huliwa nyumbani kwake juma zima. Ni nani basi anayestahili kuchagua vizuri kuliko yeye?

Alhamisi moja simu ilimkuta kwenye beseni. Alikuwa Abigael, binti yake anayeishi Kakuma na mumewe Ebenyo, dereva wa bodaboda. Abigael alikuwa amejifungua mtoto wa kike wiki mbili zilizopita.

"Mama, mtoto amepungua," Abigael alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Alizaliwa kilo mbili na nusu. Leo mizani inasema mbili na gramu mia tatu. Nesi anasema damu yangu iko chini, na maziwa hayatoshi. Nile vizuri. Nirudi Ijumaa ya wiki ijayo, na kama hajafika pale alipozaliwa, atalazwa."

Asekon alifuta povu mikononi. Alikuwa amezaa mara nne. Aliyebaki ni Abigael. Wengine watatu hakuna aliyefika umri wa mtoto kukaa mwenyewe, na hakuna hata mmoja ambaye mtu alimpima. Walipungua tu, mikononi mwake, katika miaka ambayo mbuzi nao walikuwa wakifa.

"Nakuja," alisema.

Alikuwa na shilingi elfu moja na mia mbili, na siku nane mbele yake. Kabla ya kuondoka alipitia kwa akina mama waletao samaki kutoka Longech, kule ziwani, akafunua matumbo ya samaki kumi na wawili, akachukua watano.

Alifika Kakuma jua likielekea kuzama. Alipoingia kwa mlango wa ua wa miiba, Ebenyo alitokea upande wa pili, haraka, ameinamisha kichwa. Hakuwa akimkimbia. Katika ukoo wao mkwe na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawapeani mikono, na zaidi ya yote mkwe hali chakula mbele yake. Asekon naye aliinamisha macho kwa heshima, akaona viatu tu vikipotea, na pikipiki ikanguruma.

Abigael alikuwa amekaa mkekani, mtoto kifuani. Macho yake yalikuwa makubwa usoni. Kando yake sufuria ilichemka juu ya mafiga.

"Ejok, mama," Abigael alimsalimu.

"Ejok, mwanangu. Hayo ni maharagwe?"

"Ya tangu jana. Ebenyo alipata kwa bei nzuri sana."

Asekon alichota punje moja kwa kijiko, akaitia jinoni. Haikubonyea. Aliiondoa sufuria motoni ili kuokoa makaa.

"Na ile nyama? Nilisikia mbuzi amechinjwa."

Abigael alitabasamu nusu, kama mtu anayemtetea mtoto wa nyumba. "Alichinjwa, mama. Mbuzi mzima, mwenye mafuta. Ebenyo alitoa pesa zote alizokuwa ameweka. Alisema bibi yake hatazaa kama yatima."

"Basi?"

"Basi watu walisikia harufu."

Hakukuwa na haja ya kueleza zaidi. Walikuja baba wadogo, walikuja shemeji, walikuja rika la Ebenyo na jirani wa jirani. Kila mmoja aliomba, na kwao anayeombwa chakula kinachoonekana hawezi kusema hapana. Leo wewe, kesho mimi, ndivyo watu walivyovuka miaka mibaya. Ebenyo alikata, akagawa, akakata, akagawa. Jioni Abigael alipata bakuli la supu na mfupa mmoja. Asubuhi ilibaki ngozi.

Asekon alicheka bila kutaka. Kisha alimchukua mjukuu wake, akampima kwa viganja. Alikuwa mwepesi mno. Alimrudisha kwa mama yake upesi, akaanza kufungua mzigo wa samaki.

Usiku ule alipika samaki mmoja kwa nyanya na kitunguu, akamwangalia binti yake akila mpaka mwisho. Na akapanga. Watu husema ukinunua kingi kwa pamoja unapata nafuu ya bei. Asekon alijua nafuu hiyo ni ya wenye milango ya kufunga. Hapa gunia likionekana, lina wenyewe arobaini. Yeye angenunua cha leo, cha leo tu, na kesho arudi sokoni. Kilicho sufuriani kikiisha, hakuna cha kuombwa.

Jumamosi asubuhi alikwenda sokoni. Hakuweza kupanda pikipiki ya mkwewe, kwa hiyo Ebenyo alitangulia akiisukuma, injini imezimwa, na yeye akamfuata kwa hatua thelathini nyuma, huku watu wanaowajua wakitabasamu. Walisimama kwenye kibanda cha Bilha, mama aliyetoka Bungoma miaka kumi iliyopita na sasa anauza nafaka na vitunguu. Ebenyo alijificha nyuma ya nguzo, amempa Asekon mgongo, pikipiki katikati yao kama ukuta.

"Bilha," alisema akitazama barabara, "ambia mama kuna mtu atanipa mbuzi kwa deni. Nichukue leo. Mwanamke amezaa, lazima akule nyama."

Bilha aligeuka. "Mama Abigael, unaambiwa kuna mbuzi."

"Muulize yule wa kwanza aliliwa na nani."

"Ebenyo, unaulizwa..."

"Nimesikia."

"Kumbe mnasikiana vizuri!" Bilha alipiga makofi. "Na mimi nalipwa nini kwa hii kazi ya redio?"

"Mwambie," Asekon aliendelea, akitia punje ya maharagwe mdomoni, "mbuzi wa deni huliwa siku moja na hulipwa miezi mitatu. Sisi tunataka kidogo cha leo. Hii yako imebonyea, Bilha. Nipimie nusu kilo."

Mteja mwingine alifika, na Bilha akaenda kumpimia vitunguu. Ebenyo alibaki bila mdomo wa kusemea. Akainamia pikipiki yake.

"Wewe pikipiki," aliiambia kwa uchungu wa kweli, "watu watasema Ebenyo analisha bibi yake majani kama mbuzi."

Asekon aliokota kitunguu, akakigeuza mkononi.

"Wewe kitunguu," alisema, "hebu niambie nani hutoa maziwa. Si huyo mbuzi anayekula majani?"

Kisha mabega ya Ebenyo yakaanza kutikisika. Alicheka kwa sauti ya chini, mkono juu ya kiti cha pikipiki, na Bilha kule kwenye mizani akacheka kwa sauti ya juu kwa niaba ya wote watatu. Mgongo hauna mwiko, kwa hiyo Asekon aliutazama. Ndipo alipoona mifupa ya mabega imeinua shati, na mshipi umetobolewa tundu jipya kwa msumari, mbali na matundu ya kiwandani.

Ebenyo aliweka noti mbili juu ya gunia bila kugeuka, akawasha pikipiki na kwenda kutafuta abiria.

"Huyo kijana yako hakuli," Bilha alisema, akimmiminia maharagwe kwenye mfuko.

"Abigael ananiambia anakula huku mjini."

"Huku mjini anatuambia amekula nyumbani. Wenzake wakikaa kwa chapati hapo kando, yeye anapanguza pikipiki. Jana nilimpa chai. Alikunywa vikombe viwili bila kupumua. Kabla hujakuja nilikuwa namwona akienda nyumbani saa ya chakula. Sasa haendi."

Asekon alishika mfuko wa maharagwe kifuani. Nyumba yenyewe ni chumba kimoja na kivuli kimoja. Tangu Alhamisi yeye alikuwa amekaa katika kivuli hicho asubuhi, mchana na jioni, akimlisha binti yake, akijisifu moyoni jinsi alivyoipanga ile pesa kidogo. Mkwewe akifika, anamwona, anageuza. Angekula wapi? Na pesa ya hotelini angeipata wapi, ikiwa kila alichopata alikiweka juu ya gunia? Mtu hawezi kula mbele ya mama wa mkewe, lakini anaweza kuona njaa mbele yake, siku tatu, kwa heshima. Alikuwa amehesabu kila punje, na mtu mzima mmoja hakumhesabu.

"Mjinga ni mimi," alimwambia Bilha.

"Sasa?"

"Sasa nanunua upya."

Alianza na mboga. Sukuma wiki iliyokuja na lori kutoka Kitale ilikuwa imelala kwa jua la njiani, kingo zimekuwa njano, na bado bei yake ilikuwa ya mjini. Aliipita. Mbele kidogo mwanamume mmoja Mkongomani alikuwa amesimamisha baiskeli yenye kikapu cha mboga asiyoizoea, majani mapana yenye mashina mekundu, umande bado umo.

"Hii ni nini?"

"Ni lengalenga, mama. Nimeikata kwa shamba yangu kule Kalobeyei asubui ii." Jina lake lilikuwa Magloire, na alisema kwa upole wa mtu anayezungumza juu ya wanawe. "Wanawake wenye kuzaa, kwetu tunawapa hii. Inaleta damu."

"Kila muuzaji husema chake kinaleta damu."

"Basi usiniamini. Vunja."

Asekon alivunja shina moja. Lilikatika kwa mlio, na maji yakatoka. Alitafuna jani bichi, akatazama pembeni, akasikiliza.

"Kesho utakuja?"

"Kila siku. Ila Jumapili ninasali kwanza."

"Niwekee fungu moja kila siku. Usinipe mafungu mawili hata nikikuomba."

Magloire alicheka, akaongeza kishada kidogo juu ya fungu. "Hiki ni cha mtoto."

Kwa mchinjaji alikuwa amekusudia robo kilo ya ini, na pesa yake alikuwa ameitenga. Alisimama akilitazama lile ini, jekundu, zuri. Kisha macho yakashuka kwenye beseni la chini, palipokuwa na wengu, ambao wanunuzi wa mjini hawauulizi. Asekon aliunusa. Ulikuwa wa asubuhi ileile, umejaa damu, na bei yake haikufika nusu ya ini. Alichukua wengu. Kwa chenji iliyobaki alinunua unga zaidi, na kikombe cha maziwa ya mbuzi kutoka kwa mwanamke aliyekuwa amekaa na kibuyu chini ya ukuta.

Jioni pikipiki iliposikika mbali, Asekon aliinuka.

"Nakwenda kwa jirani kuomba chumvi," alisema.

Abigael alilitazama kopo la chumvi, lililojaa, lililokuwa karibu na goti la mama yake. Akamtazama mama yake. Halafu akatazama bakuli lililofunikwa, ambalo lilikuwa limewekwa peke yake kando ya mafiga, ugali mkubwa, maharagwe laini na mboga, na akaelewa. Aliinamisha uso juu ya mtoto.

"Usikawie," alisema.

"Nitakawia."

Kwa jirani, ajuza aliyefurahi kupata mtu wa kuzungumza naye, Asekon alikaa mpaka alipohisi kwamba mtu mwenye njaa amekula bila haraka. Aliporudi pikipiki ilikuwa imekwenda. Bakuli lilikuwa limefunikwa palepale, na alipolifunua alikuta limeoshwa. Ebenyo, aliyelelewa katika nyumba ambayo mwanamume hagusi chombo, alikuwa ameliosha kwa maji ya jagi na kulikausha. Asekon alikaa nalo mapajani muda mrefu.

Jioni ya pili aliomba kiberiti. Ya tatu, sindano. Ya nne, jani la chai. Ya tano ajuza alimshika mkono.

"Mama, kwani nyumba yenu imekosa nini na nini? Niambie mara moja nikupe vyote."

"Imekosa nafasi tu," Asekon alisema, na wote wawili wakacheka, kwa sababu ajuza alijua tangu jioni ya kwanza.

Siku zikaenda hivyo. Asubuhi jino la Asekon liliuma maharagwe ya Bilha, Magloire alimwekea fungu moja, na jua halikuzama na kitu chochote rafuni ila chumvi. Siku moja shemeji wa Ebenyo alikuja, yule aliyechukua mguu wa nyuma wa mbuzi, akakaa, akazungusha macho kila pembe ya nyumba. Asekon alimpa kikombe cha uji, kwa moyo mweupe. Alikunywa, akangoja, akatazama tena, akaona hakuna gunia la kuomba wala nyama iliyoning'inizwa.

"Nyinyi mnaishi vipi?" aliuliza.

"Polepole," Asekon alijibu.

Abigael alikula. Mwanzoni alikula kwa sababu mama alikuwa amemkazia macho. Kisha siku ya nne alinyoosha bakuli mwenyewe bila kuambiwa. Mtoto alianza kulia kwa sauti, na Asekon alikisikiliza kilio kile kama watu wengine wanavyosikiliza kwaya, kwa sababu aliwakumbuka wale wasiokuwa na nguvu ya kulia. Lakini hakumpima tena kwa viganja. Aliogopa. Mikono ya bibi hudanganywa na mapenzi.

Ijumaa walikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kliniki. Ebenyo aliwaleta wawili wale kwa pikipiki, taratibu kama anayebeba mayai, na Asekon akaja kwa miguu. Kisha Ebenyo alisimama nje ya wavu wa ua, karibu na dirisha, ametazama milima.

Nesi alimvua mtoto nguo, akamweka kwenye mizani. Mtoto alirusha mguu. Namba zilicheza, zikakataa kutulia. Abigael alifumba macho. Asekon hakufumba, alikuwa ametazama mizani maisha yake yote, na alijua namna wauzaji wanavyoisoma haraka kwa faida yao.

"Subiri itulie," alimwambia nesi.

"Mama, nasubiri."

Ilitulia.

"Kilo mbili, gramu mia tano na hamsini," nesi alisema. "Amepita pale alipozaliwa. Halazwi. Mwendelee hivyohivyo."

"Rudia," Asekon alisema, "kwa sauti."

Nesi alishangaa, lakini alirudia kwa sauti. Nje ya dirisha kulikuwa na kishindo. Mtu alikuwa amekaa chini ghafla, mgongo wake ukaegemea wavu, na akabaki hapohapo, amefunika uso kwa kofia.

Mtoto, aliyechoshwa na ubaridi wa mizani, alipasua kilio cha kujaza chumba. Kabla mtu hajamfikishia mama yake, gauni la Abigael lilikuwa limeanza kulowa kifuani, doa moja, kisha la pili, yakikua mbele ya akina mama wote waliokuwa wameketi kwenye benchi. Abigael alivuta leso haraka ajifunike, uso umemwiva.

"Mama, nguo! Inalowa yote."

Asekon alimwekea mtoto mikononi, akaishusha ile leso.

"Acha ilowe," alisema.